Pipa la Pweza

Agosti 12

Timu imefika na bafu langu limekwenda.

Baba alisimama barabarani tangu asubuhi kama anayepokea mahujaji. Basi lilipotokea akalia mbele za watu, mtu mzima mwenye duka la magodoro. Timu yenyewe inaitwa Pweza FC. Kuna matajiri wameinunua huko pwani wakaihamishia Tabora, ila ligi imesema jina halibadilishwi mpaka msimu uishe. Kwa hiyo sisi ambao maji yetu makubwa ni bwawa la Igombe, sasa tuna pweza. Mtu wa bodaboda alimuuliza Baba kama pweza ni yule mwenye gamba. Baba akamjibu kwa kiburi kwamba pweza ana akili kuliko watu wengi anaowabeba.

Wachezaji wamepangwa kwetu Ng'ambo, vyumba vya uani ambako Babu alikuwa akiweka nta na asali. Baba kajitolea mwenyewe. Mama hakuulizwa. Mimi ndiyo kabisa.

Agosti 14

Soksi zao zimeanikwa kwenye kamba yetu. Zinadondokea miswala.

Agosti 25

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mgeni akinisalimia maneno yananikwama kooni kama mwiba wa samaki, naitikia kwa kichwa, halafu watu wanasema binti wa Ghalibu anaringa. Siringi. Kwenye karatasi ya mtihani nina sauti, tena kwa Kiingereza, tena ndefu. Nikifika nyumbani inabaki shuleni pamoja na sare.

Basi niseme hapa: wananitia kinyaa. Wanakata kucha barazani na kuziacha. Alfajiri wanavuta makohozi kwa zamu. Uji wa asubuhi unanuka dawa ya kuchua misuli. Na mbaya kuliko wote ni kipa, Kornel, mrefu kama nguzo ya umeme, anayetemea mate mrehani wa Mama kila akitoka kupiga mswaki. Mama anamtetea. Anasema wenzake wamehamishwa lakini yule amerudishwa, kwao ni Nzega, mama yake analima pamba huko na hajawahi kumwona akidaka hata siku moja. Jumapili anampigia simu kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

Septemba 14

Kumbe timu ina kamati mbili. Moja ya fedha, nyingine inaitwa kamati ya ufundi. Hakuna fundi hata mmoja humo, hata bomba hawawezi kufunga. Kazi yao ni yale mambo. Mwenyekiti ni Baba.

Leo alikuja Mzee Masolwa, mganga kutoka upande wa Kigwa, juu ya pikipiki, shati limepigwa pasi. Wakaleta pipa lililokatwa juu, wakalijaza maji, yeye akatia majani na mizizi yake. Wachezaji wakapita mmoja mmoja, wakanawa uso na mikono, halafu wakaingiza miguu. Kornel akawa wa mwisho. Kipa ndiye mlango, wanasema, na mlango unafungwa wenyewe wakishaingia. Yeye alisimama ndani ya pipa muda mrefu, suruali ameipandisha magotini, huku wazee wakinong'ona maneno.

Mama alijifungia chumbani akasoma Kurani kwa sauti. Alipotoka alimwambia Baba neno moja tu, shirki, kumshirikisha Mungu. Baba akasema ni majani, Zeyana, majani tu, kama huo mrehani wako. Kisha akaenda kuswali Isha.

Septemba 15

Moja bila. Tabora nzima inapiga honi.

Septemba 16

Hili nimelisikia kwa masikio yangu, dirisha la jiko liko pale pale. Kabla ya kuondoka leo, Masolwa alisema maji yakamwagwe njia panda, mechi nyingine aje atie mapya. Wamemwitikia vizuri. Alipoondoka tu, Baba akawakataza.

Dukani kwetu hakufagiliwi baada ya Magharibi. Babu alikuwa hivyo na Baba yuko hivyo. Takataka zinasukumwa pembeni zikalala mpaka asubuhi, kwa sababu ukifagia jioni unaitoa riziki nje na mkono wako mwenyewe. Basi Baba amechukua sheria ya ufagio akaipeleka kwenye pipa. Akasema, "Ushindi umo humo ndani. Nani mwenye akili anamwaga ushindi?"

Wakampigia makofi. Maji yamebaki.

Oktoba 5

Sare, bila kwa bila. Wamekaa kikao kizima kujadili kama sare ni kushindwa. Si kushindwa. Maji yamebaki. Wameongeza ndoo moja juu yake.

Oktoba 19

Tumeshinda. Kuna viluwiluwi.

Novemba 9

Mvua za kwanza. Ilianza wakati tunakula mchana, matone makubwa ya kunukisha udongo, na mimi nikafurahi, nikajua sasa pipa litafurika na uchafu utakwenda. Baba akaacha tonge kwenye sinia. Alitoka mbio na bati kichwani, akalifunika, akaweka jiwe juu, akasimama analoa kama anayelinda mtoto. Mama hakuacha kula. Mimi niliacha.

Ugenini tunafungwa kila mahali. Baba anasema ni kwa sababu pipa halisafiri. Amewahi kufikiria kulipeleka kwa lori, na kilichomzuia ni kwamba lingemwagika.

Novemba 23

Tumeshinda. Mshambuliaji wao alimkanyaga Kornel, njumu zikamchana chini ya goti. Alidaka hadi mwisho akiwa anachuruzika damu. Wamembeba mabegani hadi huku nyumbani wakiimba pweza ana mikono minane. Mtu wa huduma ya kwanza alimpulizia kitu cha baridi akamfunga bandeji.

Desemba 6

Ameingia pipani na kidonda chake. Alifungua bandeji mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka begani kama taulo.

Desemba 7

Tumeshinda.

Januari 17

Kidato cha nne sasa. Mwalimu wa Baiolojia ametufundisha namna vijidudu vinavyoingia mwilini, nikachora mchoro, nikaandika ukurasa mzima, akausoma mbele ya darasa. Kila sentensi ilikuwa ya mguu wa Kornel na hakuna aliyejua. Sijui kwa nini maradhi nayajua kwa Kiingereza tu, na aibu kwa Kiswahili tu.

Januari 26

Kuna harufu chumba cha mwisho cha uani, chumba cha Kornel. Nilidhani ni uchafu wake, nikamchukia zaidi. Leo nimepiga deki baraza lao nikaiona bandeji kwenye ndoo ya taka. Ya manjano katikati, kijani ukingoni. Nilitapika kwenye mfereji, halafu nikamalizia kudeki.

Amekwenda duka la dawa, amepewa vidonge, anameza. Mguu unapata nafuu kidogo. Halafu inakuja mechi ya nyumbani na unarudi kwenye pipa. Nimeliona hilo kuanzia jikoni kama mtu anayetazama mtoto akitambaa kuelekea motoni, na mimi ndiye niliyekaa na mwiko mkononi.

Naona pia ameacha kutemea mate mrehani. Sijui lini.

Februari 7

Nimefanya kitu. Nimechemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe, nikayatia kwenye chupa safi, nikaweka na pamba mpya. Nilitaka nimpe Kornel mkononi na kumwambia osha kwa hii, usiingie mle. Nilifika mlangoni kwake mara kadhaa. Mwishowe niliiweka chini nikakimbia.

Februari 8

Ya Rabi.

Kamati imemzoesha vibaya. Wao humwekea vitu mlangoni bila kusema, uzi wenye mafundo ndani ya njumu, kichupa cha hiki na kile. Akaikuta chupa yangu, akadhani ni mambo yao. Jioni zamu yake ilipofika akaifungua mbele ya wote, akaimimina yote ndani ya pipa, akasema kwa adabu, "Mwenyekiti, ya leo nimeitia."

Baba alidhani imetoka kwa Masolwa. Akamsifu. Kornel akaingiza mguu.

Februari 9

Mbili bila. Baba ananiambia mimi, kwa furaha, kwamba ile chupa ndiyo iliyofanya kazi, wanatafuta nyingine.

Machi 3

Ramadhani. Nusu ya timu inafunga na nusu inakula uani. Baba anakwenda tarawehe, na kila mkesha wa mechi kabla ya futari analifunulia pipa bati. Nilikuwa namwona Baba msafi kuliko watu wote. Kucha zake, kanzu yake, udi wake wa Ijumaa. Sasa akinyoosha mkono kwenye sinia natazama vidole vyake na tonge halishuki.

Machi 15

Masolwa alikuwa na safari zake mjini akapitia kusalimia. Wamekuwa wakimtumia salamu kwa simu tu tangu Oktoba. Alisikia harufu kabla hajaegesha pikipiki. Nilimwona akisimama mbele ya pipa na leso puani.

"Mwenyekiti, haya ni yapi?"

"Ni yale yale, mzee. Yako."

"Yangu nilisema mkamwage."

"Tungemwaga tungekuwa hapa? Nyumbani hatujafungwa."

Masolwa alimtazama. "Ghalibu, mimi hapa sijaweka mkono wangu. Na huyo anayesimama humo, ni mtu au nguzo?"

Nikasema moyoni, haya, sasa yamekwisha. Mwenye dawa mwenyewe amekataa. Lakini Baba akacheka, akamsindikiza mpaka barabarani, aliporudi akawaambia wenzake kwamba mzee ana wivu, dawa imemzidi mwenyewe. Na Masolwa alikwenda zake. Hakurudi, hakumwambia mtu. Naye pia nikamwona alivyo.

Machi 31

Idi. Kornel alikuja kutoa mkono wa Idi barazani akichechemea. Alinisalimia. Niliitikia kwa kichwa.

Aprili 12

Mvua haikati. Baba amelipandisha pipa juu ya mawe matatu ili maji ya uani yasiligonge.

Aprili 18

Nimekaa nimetulia sasa, naandika yote.

Kesho ni mechi kubwa, ile ya kubaki ligi kuu au kushuka. Mama yake Kornel anakuja kutoka Nzega kwa basi la asubuhi, ndiyo mara ya kwanza. Kornel ana homa tangu juzi. Mguu umevimba hadi pajani, unang'aa, una mstari mwekundu unaopanda. Mstari huo naujua. Uko ukurasa wa vijidudu kuingia damuni.

Mama alimwambia Baba asubuhi ampeleke hospitali. Baba akasema kesho, baada ya mechi. Kutoka leo ni kufungua mlango. Ndivyo kamati ilivyoamua.

Baada ya Alasiri wakakaa uani, kahawa na halua. Mvua ilikuwa imepumzika. Kocha Marko alikuwepo, mtu mpole anayeogopa kila mwenye kanzu. Alisema ana kipa wa pili, kijana mzuri tu. Mmoja akamuuliza, je, kipa wa pili amesimama pipani msimu mzima? Kocha akatazama simu yake.

Wakamtoa Kornel ameshikiliwa huku na huku. Mimi nilikuwa na dele la kahawa mkononi na vikombe mkono wa pili. Akaketi kwenye kigoda akaanza kufungua bandeji, taratibu, kila mzunguko ukivuta ngozi. Hakuna aliyeacha kutafuna halua. Hilo ndilo sitalisahau, mdomo wa Baba ukitafuna.

"Asiingie," nikasema.

Sikujua ni mimi hadi walipogeuka wote.

"Sheima, peleka dele ndani," Baba akasema.

"Mguu umeoza, Baba. Umeozea humo."

"Nimesema ndani."

Kornel ndiye aliyenijibu vizuri. "Acha tu, mdogo wangu. Mama anakuja kesho. Nikimaliza kesho nitakwenda."

"Anakuja kukuzika?"

Mmoja wao akasema binti ana pepo, mwingine akasema hivi ndivyo Kiingereza kinavyowafanya. Baba akainuka. Hajawahi kunipiga na sijui kama leo angenipiga. Nilimtazama Mama, alikuwa amesimama mlango wa jiko, mikono ina unga. Alikuwa na nafasi ya kuniita. Hakuniita.

Nikaweka dele chini. Nikapiga teke jiwe la mbele, likachomoka kwa sababu udongo ulikuwa tope, na pipa likainama polepole kama ng'ombe anayelala.

Yalitoka meusi. Yalikuwa mazito, yalikuja na vinyweleo, plasta, ukucha, panya aliyekuwa amefumuka, na uvundo wake ukawafanya wazee wote wapandishe kanzu na suruali na kurukaruka kama vifaranga. Wanaume wale wale waliomwambia mwenzao asimame humo hawakutaka tone moja liguse viatu vyao. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu Baba hakuruka. Baba alipiga magoti. Alichukua kikombe cha kahawa akaanza kuchota kutoka chini, anachota na kurudisha, anachota na kurudisha, na pipa limelala ubavu, yanatoka tena. Nikaona kinyaa, nikaona huruma, vyote pamoja, na hiyo huruma ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Halafu Kocha Marko akasema, kama mtu anayesoma bei, "Maji yameshamwagika. Basi hakuna cha kumzuilia. Iteni bajaji."

Na kweli hakuna aliyepinga. Kwa hesabu yao ilikuwa sawa kabisa. Walimwachia Kornel si kwa sababu ya mguu wake ila kwa sababu dawa imekwisha. Akapita karibu yangu amebebwa. Hakuniangalia.

Aprili 19

Baba hajanisemesha. Ng'ambo nzima inajua. Dukani wamemwambia Mama tukifungwa tuhame.

Jioni: tatu bila. Kipa wa pili hakuguswa na mpira. Hatushuki.

Mama yake Kornel alishuka kwenye basi akapelekwa moja kwa moja hospitali. Hakuona uwanja.

Aprili 22

Wamemfungua mguu wakatoa nyama iliyooza. Daktari amesema mguu upo na atautembelea. Kudaka, hajasema kitu.

Mama yake amekuja kuchukua begi. Anaitwa Mama Apolinaria, mrefu kama yeye. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti iliyosikika, akaitikia marahaba. Baba alimkaribisha kiti, akampa pole, halafu, sijui shetani gani alimshika, akamwambia kila jambo kubwa lina kafara yake, na kamati inaona mguu wa Kornel ndio uliotubakiza ligi kuu, kwa hiyo familia ijivunie. Alisema kwa upole kabisa. Aliamini kwamba anamfariji.

Yule mama aliweka glasi ya maji chini bila kunywa. Akaenda chumba cha mwisho, akakaa humo kidogo na ile harufu. Alipotoka na begi alinikuta peke yangu barazani.

"Mwanangu, hapo jikoni na hapo chumbani kwake si mbali."

"Si mbali, mama."

"Mlikuwa mnamwona?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa namwona tangu Desemba.

Akaitikia kwa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akajitwisha begi akaondoka. Nilitamani anitukane.

Mei 11

Baba ananiita mwanangu tena. Ananiletea zabibu kutoka mjini. Sipendi anavyonitazama.

Mei 22

Sasa nimejua. Keshokutwa ni mechi ya mwisho ya nyumbani. Leo Alasiri kamati imekuja yote, na pipa jipya la bluu, limejaa maji safi ya bomba, wameliweka juu ya mawe matatu. Wamevaa vizuri. Kuna halua. Baba akaniita mbele yao akaniambia, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa hata nilipokuwa wa kwanza mkoani, kwamba wamekaa, wamehesabu, wameona. Tulipokuwa tunahifadhi tulikuwa tunashinda moja, mbili. Binti alipomwaga tukapata tatu. Kwa hiyo ni kumwaga. Na ni mimi. Jiwe la mbele, mguu ule ule wa kulia, ikiwezekana na maneno yale yale.

"Maneno yapi?" nikauliza.

"Ya asiingie," akasema mmoja. "Na ya kuzika."

Nikawatazama mmoja mmoja. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyekula kitu kibaya na kukitapika chote.

Nikaingia chumba cha mwisho. Mashuka ya Kornel yalikuwa bado kitandani tangu Aprili, hakuna aliyetaka kuyagusa, yamekakamaa kama ngozi ya mbuzi. Nikayabeba kifuani, harufu na yote. Nikatoka na karai, ndoo na kipande cha sabuni, nikachota maji yao kutoka kwenye pipa, nikachuchumaa katikati ya kikao, nikaanza kufua. Maji ya kwanza yakawa ya kahawia. Nikachota tena. Mama akaja akachuchumaa upande wa pili akashika pindo jingine, tukakamua pamoja.

Walisimama na vikombe vyao wakitazama maji yakipungua, wasijue kama huku ni kumwaga au si kumwaga.

Tulipokuwa tunaanika nilimsikia mmoja wao akimnong'oneza mwenzake, aangalie kwa makini ni sabuni gani.